Elimu ya theluji na ushujaa wa kurudi nyuma

Neno theluji sisi watu wa pwani tumelijua tangu utotoni, kabla ya kukijua kitu chenyewe. Tulilipokea chuoni pamoja na Kiarabu chake, na hata leo limo katika dua tunayomwombea maiti, tumesimama safu kwa safu na jua la Mombasa limetukaa utosini. Barafu nalo, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya theluji hiyo hiyo, kwetu ni pande la maji yaliyogandishwa ili tutie katika sharubati. Basi tunayo majina mawili ya kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukikanyaga.

Wala si ajabu. Mwaka wa 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Rabai, alitoka pwani kwa msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, akauona Mlima Kilimanjaro na weupe wake kileleni. Alipomuuliza mmoja wa viongozi wake kile cheupe ni kitu gani, alijibiwa kuwa ni baridi. Habari zilipofika London, wako mabingwa wa jiografia waliozikataa, wakashikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mimi nasema yule kiongozi aliwashinda mabingwa. Jina hakuwa nalo, lakini alisema lile analolijua, wala hakukanusha lile asilolijua.

Maneno haya nilikuwa nikiyafikiri mwezi wa Februari nilipokuwa Davos, mji wa milimani katika jimbo la Graubünden, Uswisi, ulioko kiasi cha mita 1,560 juu ya bahari. Nilialikwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ameoa na kuishi nchi ile kwa miaka mingi. Nilidhani nakwenda kutazama mchezo wa Wazungu wa kuteleza. Nilichokiona, msomaji mpenzi, ni elimu, tena elimu ambayo mwenye kuikosea huilipia kwa roho yake.

MBAO, NYWELE NA KOLEO

Ziko namna mbili za kuteleza kwa mbao ndefu ziitwazo skii. Namna ya kwanza ni ya wengi. Mtu hupandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, kisha huteremka katika njia iliyosawazishwa na kulindwa. Namna ya pili ni ya wale wanaopanda mlima kwa miguu yao, katika theluji isiyosawazishwa na mtu. Hawa hubandika chini ya skii zao ukanda wenye nywele zilizolala upande mmoja. Mbao ikisukumwa mbele huteleza, ikitaka kurudi nyuma nywele husimama na kuishika theluji. Zamani walitumia ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi. Siku hizi hutumia manyoya ya mbuzi wa Angora au nailoni. Wakifika juu huzibandua kanda hizo, wakateremka.

Tulikuwa watu watano: mpwa wangu, marafiki zake wawili, mimi, na kiongozi wetu, mwanamke wa makamo aliyezaliwa katika milima ile. Mimi kwa umri wangu sikupewa skii. Nilivalishwa viatu vipana mfano wa nyungo mbili, vya kumzuia mtu asizame.

Kabla ya kuondoka kila mmoja alifungwa kifuani kidude cha redio kinachotoa mlio usiosikika kwa sikio ila kwa kidude mwenziwe. Kila mmoja alipewa pia koleo na ufito mrefu wa kukunja. Nilipouliza kazi ya vitu hivyo, mpwa wangu alinijibu bila ya kuzungusha maneno: "Mjomba, theluji ikikufukia, redio itatuonyesha ulipo karibu, ufito utakugusa, na koleo litakufukua. Aliyefukiwa kabisa akitolewa katika dakika 10 za mwanzo, aghalabu huwa hai. Nusu saa ikipita, wengi huwa wamekwisha kukosa pumzi. Hakuna wa kumngoja kutoka mjini. Mwokozi wako ni yule mliyefuatana naye."

Nilikifunga kile kidude kwa taadhima.

TAARIFA YA SAA KUMI NA MOJA

Safari yenyewe ilianza jana yake, mezani. Kila siku ya kipusa, saa kumi na moja jioni, Taasisi ya Uswisi ya Uchunguzi wa Theluji na Maporomoko, iliyoko hapo hapo Davos, hutoa taarifa ya hali ya theluji nchi nzima, kisha huitoa tena asubuhi saa mbili. Watu huisoma kama vile manahodha wetu walivyokuwa wakiitazama mbingu ya magharibi kabla ya kung'oa nanga.

Taarifa hiyo haitungwi kwa kubahatisha. Mwaka wa 1936 wataalamu wachache walipanda juu ya Davos mahali paitwapo Weissfluhjoch, wakaanza kuipima theluji katika kiwanja kilicho zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Tangu hapo kiwanja hicho hupimwa kila siku ya kipusa. Wapo pia watazamaji wapatao 200 waliotawanyika milimani, wanaopima kina cha theluji mpya na kupeleka habari, na mitambo vileleni inayopima upepo na baridi mahali ambapo mtu hawezi kukaa.

Hatari huhesabiwa kwa daraja tano, na daraja hizo zimekuwa moja kwa nchi za Ulaya tangu mwaka 1993. Ya kwanza ni ndogo, ya tano ni ile inayotisha hata vijiji na barabara. Siku yetu ilikuwa ya daraja la tatu. Taarifa ilionya juu ya theluji mpya iliyosukumwa na upepo na kulala juu ya tabaka kongwe lililo dhaifu, hasa katika miteremko inayoelekea kaskazini, ambayo kwa nchi zile hupata jua kidogo.

Nikasema, "Tatu katika tano, basi ni kati kwa kati." Kiongozi alipotafsiriwa alitikisa kichwa. Alieleza kwamba takriban nusu ya wanaokufa kwa maporomoko nchini mwao hufa katika siku za daraja la tatu. Daraja la nne na la tano kila mtu huogopa akakaa nyumbani. La tatu lina jua zuri na theluji ya kupendeza, na mtu hujiambia, kama nilivyojiambia mimi, kwamba ni kati kwa kati.

KUUSOMA MLIMA

Tuliondoka alfajiri baada ya kusali, tukafuata bonde la Dischma. Kiongozi alikwenda mbele kimya, na kila mara alisimama akatazama. Mwanzo nilidhani anapumzika kwa ajili yangu mzee. Baadaye mpwa wangu alinifasiria yale anayoyasoma.

Alitazama juu mgongoni mwa mlima, ambako unga mweupe ulikuwa ukipeperuka kama moshi. Huo ni upepo unaoihamisha theluji, unaitoa upande mmoja na kuirundika upande wa pili, ambako hujibana ikawa ubao mgumu. Alitazama mteremko wa ng'ambo, akatuonyesha mahali ambapo poromoko dogo lilikwisha kushuka usiku, alama yake mpya kama jeraha. Poromoko moja ni shahidi, kwani mteremko wenzake wenye mwelekeo ule ule una maradhi yale yale. Alipima pia mwinamo. Maporomoko ya ubao wa theluji, yale yauayo watembezi, hutokea zaidi panapozidi nyuzi 30. Kwa hivyo njia yake ilipinda hapa na pale, ikikwepa kila penye mwinamo mkali na kila mahali palipo chini yake.

Kisha, tulipokuwa katika uwanda usio na mwinamo, nilisikia chini ya miguu sauti nzito, vuum, kama gunia la mchele lililoangushwa ghorofa ya juu. Ufa mwembamba ukakimbia mbele yangu katika theluji.

"Mjomba, usisogee," alisema mpwa wangu kwa sauti ya chini.

Tulikuwa salama kwa kuwa pale palikuwa tambarare, na juu yetu hapakuwa na mteremko mkali. Lakini sauti ile ilikuwa ya tabaka dhaifu lililovunjika chini kwa uzito wetu. Kama tungekuwa mtelemkoni, theluji yote iliyo juu yake ingeondoka nasi. Katika ajali za watembezi, takriban tisa kwa kila kumi, poromoko huanzishwa na mwenye kufikiwa mwenyewe au na mwenziwe. Mlima haumfuati mtu. Mtu ndiye aufuataye, akaufyatua kwa uzito wa mwili wake.

SUKARI CHINI YA UBAO

Mbele kidogo kiongozi alitoa koleo, akachimba shimo la kimo cha mtu kifuani, akaunyoosha ukuta wake kwa uangalifu kama fundi anayepiga lipu. Hapo niliona kitu ambacho sikukitazamia. Theluji, ambayo kwa juu ni weupe mmoja, kwa ndani ina matabaka kama kurasa za kitabu, na kila ukurasa ni siku moja ya kipusa: siku ya tufani, siku ya jua, siku ya upepo, usiku wa baridi kali.

Ugumu wa kila tabaka aliupima kwa mkono wake. Kwanza husukuma ngumi. Isipoingia, hujaribu vidole vinne, kisha kimoja, kisha penseli, na mwisho kisu. Tabaka la juu lilihitaji kidole kimoja. Chini yake, karibu na ardhi, ngumi nzima ilizama bila ya taabu. Alichota theluji ya hapo akanitilia kiganjani. Haikushikana. Ilikuwa chenga chenga zinazong'aa, na kama si baridi yake ningeapa kuwa ni sukari.

Sukari hiyo hupatikana hivi. Mwanzo wa kipusa theluji huwa chache. Ardhi chini yake huhifadhi joto, nalo tabaka la juu hupigwa na baridi kali la usiku wenye mbingu safi. Mvuke hupanda kutoka chini kwenda juu ndani ya theluji yenyewe, na katika kupanda kwake huzigeuza chembe laini zilizoshikana zikawa fuwele kubwa zisizoshikana. Kisha zikaja tufani na kuweka mzigo juu yake. Nyumba ikajengwa, lakini msingi wake ni sukari.

Mwisho alikata nguzo ya theluji, sentimita 90 kwa upana na sentimita 30 kwenda nyuma, akaitenga kwa uzi na theluji nyingine. Akaweka bapa la koleo upande mmoja wa nguzo, akaanza kupiga: mara 10 kwa kifundo cha mkono, kisha kwa mkono kutoka kiwiko, na ikihitajika mara 10 za mwisho kutoka begani. Tulihesabu pamoja. Pigo la 13, ufa ulipita nguzo nzima kutoka upande huu hadi upande wa pili, na ubao wa juu ukateleza ukaanguka shimoni miguuni mwetu.

Hakuna aliyesema neno.

MABISHANO

Kilele tulichokusudia kilikuwa kinaonekana, kimebakia mwendo wa saa moja. Baina yetu nacho ulikuwapo mteremko mmoja unaoelekea kaskazini, mweupe, mzuri wa kutazama. Juu yake zilionekana alama za skii za watu wawili waliopita jana.

Mmoja wa wale vijana alizionyesha kwa kidole. Alikuwa na ruhusa ya siku moja tu kazini, na safari hii aliingoja tangu Desemba. Akasema: "Wenzetu wamepita, na hawakupatwa na kitu. Tupite mmoja mmoja."

Kiongozi alimjibu kwa upole. Alisema alama zile zinatuambia kwamba watu wawili walipita, hazituambii kwamba mteremko ni mzima. Yawezekana walipita hatua mbili tu kando ya mahali palipo dhaifu zaidi. Shimo limetuambia, sauti imetuambia, poromoko la ng'ambo limetuambia, na taarifa ilikwisha kutuambia tangu jana. "Mlima umesema mara nne," alisema. "Sitangoja useme mara ya tano."

Kijana alinuna, lakini aligeuka. Sote tuligeuka.

Sasa msomaji atauliza: je, mteremko ule ulianguka? La, haukuanguka. Jioni tulipotazama kutoka bondeni ulikuwa pale pale, mweupe, na alama zile mbili juu yake. Labda tungepita salama. Labda tusingepita. Hilo ndilo gumu la elimu hii kuliko kuchimba na kupima. Mwenye kukosea mara nyingi hupita salama, akateremka akijiona fundi, na mwenye kupatia hapewi ushahidi wowote kwamba amepatia. Mlima haumsifu aliyerudi.

URITHI WA WALIOPOTELEWA

Elimu hii haikuletwa na mitambo peke yake. Chini kidogo ya Davos liko kanisa dogo la Frauenkirch, ambalo ukuta wake wa upande wa mlimani umejengwa kwa ncha kama omo la jahazi, ili poromoko likija lipasuke pande mbili. Huko Andermatt, katika jimbo la Uri, iko hati ya mwaka 1397 iliyopiga marufuku kukata miti ya msitu ulio juu ya kijiji, kwa sababu miti hiyo ndiyo inayoishika theluji isishuke. Nilipoelezwa habari hiyo nilizikumbuka kaya za ndugu zetu Wamijikenda, misitu ambayo wazee waliiwekea miiko tangu kale.

Na mfano huu si wangu peke yangu. Mila za kaya ziliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya Unesco ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwaka 2018 Uswisi na Austria nazo ziliandikisha kwa Unesco elimu yao ya kukabili hatari ya maporomoko ya theluji, iwe ni urithi wa wanadamu. Si jengo wala sanamu. Ni ujuzi wa vichwani na mikononi, unaopokezanwa mzee kwa kijana.

Urithi huo umelipiwa. Kipusa cha mwaka 1951 maporomoko yaliua watu 98 Uswisi peke yake. Tarehe 23 Februari 1999, huko Galtür nchini Austria, theluji ilishuka mpaka katikati ya kijiji, mahali palipodhaniwa ni salama, ikaua watu 31. Baada ya kila msiba walipima upya, wakajenga kuta, wakachora ramani. Hata hivyo Uswisi bado hupoteza watu wapatao 20 kwa mwaka, karibu wote ni watembezi waliokwenda kwa hiari yao.

NAHODHA WA KIPINI

Usiku ule sikupata usingizi. Sikuwa nikifikiri theluji. Nilikuwa nikimfikiri marehemu baba.

Baba alikuwa nahodha wa jahazi. Mwaka mmoja, mimi nikiwa mtoto wa chuoni, mwisho wa kaskazi, alitoka Lamu na shehena ya boriti kwenda Mombasa, pamoja na vyombo viwili vya wenziwe. Walipofika nje ya Kipini aliona mawingu asiyoyapenda na maji yaliyobadilika rangi. Akatua tanga, akaingia Kipini, akatia nanga siku tatu. Wenziwe waliendelea. Tufani haikuja. Walifika Mombasa salama, wakauza boriti zao kwa bei nzuri, na baba alipofika soko lilikwisha kushiba.

Walimcheka barazani. Walimpa na jina, nami nililisikia jina hilo chuoni kwa watoto wenzangu, nikaona haya kuwa mwanawe. Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, lakini mtoto haoni faraja katika methali. Alikwenda baharini miaka mingi baada ya hapo, na kila mabaharia wake alioondoka nao alirudi nao. Hakuna aliyemsifu kwa hilo, kwa sababu watu waliorudi nyumbani hawahesabiwi. Nami sikuwahi kumwambia neno mpaka alipofariki.

Ilinibidi niende mpaka penye theluji, nimsikie mwanamke asiyejua bahari akisema maneno ambayo baba angeyasema, ndipo nikafahamu. Msomaji aliye na mzee aliyepata kuchekwa kwa kurudi nyuma, na amwamkie leo kwa heshima, kabla ya kubaki naye katika dua tu. Mimi nimechelewa, nami namtolea beti hizi mbili:

Mlima u kimya sana, hautoi zake siri,
Juu weupe waona, chini ufa wa khatari,
Mwerevu hushikamana, na kipimo na shauri,
Kurudi nako safari, mwenye kurudi hufika.

Baba tanga alitua, Kipini kwenye bandari,
Watu wakamuumbua, wakamwita si hodari,
Leo ndipo natambua, ndiye nahodha wa kheri,
Kurudi nako safari, mwenye kurudi hufika.